Hati ya Nyumba Humlinda Nani? Haki, Ushahidi na Mauziano ya Viwanja Rusizi

Hati ya ardhi ni maandishi yanayowafunga watu wasiokuwapo. Anayenunua nyumba Kamembe, mji mkuu wa kibiashara wa Wilaya ya Rusizi nchini Rwanda, anahitaji ufunguo tu ili aingie ndani. Matofali hayamwulizi jina. Fedha zake zinanunua jambo jingine. Zinanunua uhakika kwamba muuzaji hatarudi kesho na bei mpya, kwamba ndugu wa muuzaji aliyeko Bukavu, upande wa Kongo, hatavuka daraja kuja kudai urithi wa baba yao, kwamba benki haitabandika tangazo la mnada mlangoni, na kwamba mke ambaye hakutajwa siku ya mauziano hatatokea na watoto wake. Ukimwondoa muuzaji, kati ya hao wote hakuna aliyekaa mezani fedha zilipohesabiwa, na bado hati inawataka wote waiheshimu.

Hapo sheria inakutana na maswali yaliyoitangulia. Mtu afungwe vipi na karatasi ambayo hakuitia saini? Na karatasi ikikosea, hasara aibebe nani: mnunuzi aliyelipa kwa nia njema, au mwenye mali ambaye hakuuza kamwe? Wote wawili hawana kosa, na mwenye kosa kwa kawaida ameshatoweka na fedha. Mifumo ya hati duniani hutofautiana kwa mambo mengi, lakini tofauti iliyo nzito ni jinsi kila mmoja unavyolijibu swali hili la pili.

Immanuel Kant, katika maandishi yake ya mwaka 1797 kuhusu haki, alitenganisha kushika na kumiliki. Tunda lililo mkononi haliwezi kunyakuliwa bila kumgusa aliyelishika, kwa hiyo anayelinyakua amemdhulumu mtu mwilini mwake. Shamba ambalo mwenyewe yuko safarini ni suala la aina nyingine. Linabaki lake kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba watu wengine wote wana wajibu wa kuliacha. Mtu mmoja hana uwezo wa kuwatwika wengine wajibu huo kwa tamko lake mwenyewe. Lazima iwepo nia ya wote kwa pamoja, yaani dola yenye sheria, na kabla ya hapo kila milki ni ya kungojea. Mnunuzi wa Gihundwe, Rusizi, mwenye mkataba uliosainiwa mbele ya majirani, huku daftari la serikali likiendelea kumtaja muuzaji, yuko katika hali hiyo hasa. Anaishi ndani ya nyumba, analipa fundi wa bati, na milki yake bado inangojea.

David Hume, zaidi ya nusu karne kabla ya Kant, alilitazama jambo hilohilo kwa kejeli kidogo. Aliona kwamba haki ya milki haionekani wala haishikiki, na akili ya binadamu haitulii mpaka ipate kitu cha kushika. Ndiyo maana mnunuzi wa nafaka hupewa ufunguo wa ghala, na mnunuzi wa shamba hukabidhiwa jiwe na udongo. Hume alifananisha desturi hizo na ibada za Kikatoliki, ambamo mshumaa na vazi husogeza karibu fumbo lisiloweza kufikiriwa. Hakukusudia kusifu. Lakini alipuuza jambo moja: ishara haimtulizi mnunuzi peke yake, bali inawaarifu wanaotazama. Katika vilima vya Rwanda kiwanja kilichouzwa kilifungwa kwa pombe ya mashahidi. Muuzaji na mnunuzi walikunywa pamoja na majirani wa mpakani na wazee, na aliyekunywa hakuweza kusema baadaye kwamba hakujua. Desturi hiyo haijafa. Asiyekunywa pombe hupewa soda. Kinywaji kile ni daftari la aina yake, lenye kurasa vichwani mwa watu kumi kwa wakati mmoja.

Udhaifu wa daftari hilo unajulikana. Mashahidi hufa, huhama, husahau, na wengine hununuliwa. Maandiko ya dini yanaonyesha jamii zikihangaika na udhaifu huo kwa vizazi vingi. Katika Mwanzo sura ya 23, Ibrahimu anamzika Sara katika pango la Makpela, alilolinunua kwa Efroni Mhiti kwa shekeli 400 za fedha. Hakuna karatasi inayotajwa. Kuna watu wa mji waliosimama langoni, fedha zilizopimwa mbele yao, na maelezo ya shamba pamoja na miti iliyokuwa mipakani. Ibrahimu alikataa kupewa bure, na hapo pana hekima ya mgeni: zawadi ya leo huweza kukumbukwa kesho kama azima, lakini bei iliyopimwa hadharani ni vigumu kuikana.

Vizazi vingi baadaye, katika Yeremia sura ya 32, mambo yamebadilika. Nabii yuko kizuizini, jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na ndiye anayenunua shamba la Anathothi kwa binamu yake kwa shekeli 17. Hati inaandikwa, mashahidi wanatia saini, kisha Baruku anaagizwa kuweka nakala mbili, iliyotiwa muhuri na iliyo wazi, ndani ya chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi. Nakala ya wazi ilisomwa na yeyote. Iliyofungwa ilingoja siku ambayo mtu angeshuku kwamba ile ya wazi imechezewa. Mahubiri mengi husimama kwenye tumaini la Yeremia, na ni haki yao. Mwenye jicho la kisheria huona pia kwamba hati iliandikwa kwa ajili ya wakati ambao muuzaji, mnunuzi na mashahidi wangekuwa uhamishoni au kaburini.

Qurani ina Aya ya 282 ya Sura Al-Baqara, iliyo ndefu kuliko aya zote, na inahusu kuandika madeni: mwandishi mwadilifu, mashahidi wawili, na onyo kwamba mwandishi na shahidi wasidhuriwe. Sababu inayotolewa ni kuondoa shaka na kuusimamisha ushahidi. Hata hivyo mafakihi kwa karne nyingi waliuamini ulimi ulio hai kuliko karatasi, kwa hoja kwamba mwandiko hufanana na mwandiko. Karatasi ilimkumbusha shahidi, na shahidi ndiye aliyethibitisha. Kutokana na hali hiyo ilizaliwa fani nzima ya kuandika mikataba isiyo na mwanya. Abu Jaafar al-Tahawi wa Misri, aliyefariki mwaka 933, aliandika kitabu kikubwa juu yake. Miongoni mwa masharti yaliyotiwa katika hati za mauziano lilikuwamo la daraka: muuzaji alijifunga kwamba akitokea mtu na kuthibitisha kuwa mali ni yake, yeye muuzaji atarudisha bei.

Sharti hilo ndilo moyo wa kinga ya mnunuzi katika mifumo mingi, kwa majina tofauti. Sheria ya mikataba ya mwaka 1888, ambayo hadi leo inatumika Kongo, inamwajibisha muuzaji iwapo mnunuzi atanyang'anywa alichonunua. Marekani ina hati ya dhamana kamili, ambamo muuzaji anajibu kwa madai yote hata ya enzi za wamiliki waliomtangulia, na ina hati nyingine ambayo anayeitoa anasema tu kwamba anaacha haki yoyote aliyo nayo, kama anayo. Anayenunua nyumba kwa hati ya aina hii ya pili amenunua bahati nasibu, na huko hutumiwa zaidi kati ya ndugu au watalaka.

Dhamana hizo zote zina ufa mmoja. Zinarudisha fedha, si nyumba. Na zinarudisha fedha kutoka kwa muuzaji ambaye bado yupo na bado anazo. Kwa muuzaji aliyevuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza kuingia Kongo na bei yote mfukoni, dhamana ni neno tupu. Wamarekani waliziba ufa huo kwa kampuni za bima ya milki. Njia nyingine ilianzia Australia Kusini mwaka 1858, kwa sheria iliyopiganiwa na Robert Torrens: badala ya kuchimbua mlolongo wa hati za zamani ili kujua kama kila muuzaji alikuwa na haki, dola inaweka rejista, na aliyeandikwa humo ndiye mwenyewe. Mnunuzi husoma ukurasa mmoja tu. Ikitokea makosa, mnunuzi mwenye nia njema hubaki na ardhi, na aliyeipoteza hufidiwa.

Jibu hilo linawapendeza wenye benki na wanunuzi, na lina faida zisizokanika. Bei yake ya kimaadili hulipwa na ambaye hakuandikwa. Pwani ya Kenya inalijua jambo hilo kuliko sehemu yoyote ya Afrika Mashariki. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai katika ukanda wa pwani wajitokeze na kuyathibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza, na wengi waliolima humo kwa vizazi hawakujitokeza, hawakuarifiwa ipasavyo au hawakuwa na njia ya kuthibitisha. Wajukuu wao wanaitwa maskwota katika ardhi ya mababu. Rejista haikusema uongo kuhusu waliojitokeza. Ilinyamaza kuhusu wengine, na ukimya wake ukawa hukumu.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilielekea upande mwingine mwaka 2023 katika shauri la kampuni ya Dina Management dhidi ya serikali ya kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali. Ilishikilia kwamba hati iliyotokana na ugawaji usio halali haimwokoi anayeishikilia, hata kama aliinunua kutoka kwa mwingine akaamini yuko salama. Tangu hapo mnunuzi makini Kenya anarudi kuchimbua mizizi ya hati, kazi ambayo rejista iliwekwa ili kumpunguzia. Majibu haya mawili hayapatani. Usalama wa mnunuzi na haki ya mwenye mali wa awali haviwezi kulindwa vyote kikamilifu kwa kiwanja kimoja, na anayedai mfumo wake umefanikisha yote mawili ameficha mtu mahali fulani.

Rwanda iliingia katika suala hili ikiwa na historia nzito kuliko majirani zake. Sheria ya ardhi ya mwaka 2005 ilitangaza kwamba ardhi ni urithi wa pamoja wa Wanyarwanda wote: waliotangulia, waliopo na watakaozaliwa. Ni kauli ya kisheria yenye sauti ya kidini. Inafanana na Mambo ya Walawi sura ya 25, ambapo Mungu anakataza ardhi kuuzwa moja kwa moja kwa kuwa ni yake, na watu ni wageni na wapangaji wake. Matokeo ya kauli hiyo yako kwenye hati yenyewe: raia wengi wana haki ya upangaji wa muda mrefu, ambao katika sheria ya mwaka 2021 ni miaka 99 inayoweza kuongezwa. Anayesema amenunua kiwanja Kamembe amenunua nafasi ya muuzaji katika upangaji huo. Kwa maisha ya kila siku tofauti haionekani. Kifalsafa ni kubwa, kwa sababu waliokufa na ambao hawajazaliwa wametajwa kuwa washirika katika mali ambayo walio hai wanaiuziana.

Kati ya mwaka 2009 na 2013 nchi nzima ilisajiliwa kiwanja kwa kiwanja, zaidi ya vipande milioni 10. Namna kazi ilivyofanyika ni muhimu kuliko idadi. Vijana wa kijiji walifundishwa upimaji mwepesi, wakachapishiwa picha zilizopigwa kutoka angani. Picha ilitandazwa chini, wenye mashamba wakatembea kwenye mipaka yao pamoja na majirani, kwenye ua wa minyaa, mfereji au njia ya miguu, na mstari ukachorwa kwa kalamu pale ambapo wote waliitikia. Walipobishana, ubishi uliandikwa kwenye daftari lake. Kila mdai aliondoka na kipande cha risiti. Baadaye majina yakabandikwa hadharani ili mwenye pingamizi aseme, na mwishoni ikaja hati yenyewe kwa ada ndogo ya faranga 1,000. Kwa hiyo daftari la serikali, linaloonekana leo kwenye kompyuta kama neno la mwisho, lilianza kama mkusanyiko wa vinywa vya majirani. Pombe ya mashahidi haikufutwa na kompyuta. Ilinukuliwa, na pamoja nayo yakanukuliwa makosa yake. Mipaka iliyochorwa kwa picha ina usahihi wa mita chache tu, jambo dogo kwenye shamba la mihogo Bugarama lakini kubwa kwenye kiwanja cha mjini ambapo mita mbili ni choo na ukuta.

Kila kipande kilipewa namba ya kipekee inayoanza na tarakimu ya mkoa, na Mkoa wa Magharibi ni 3, ikifuatwa na wilaya, sekta, seli na mwisho kiwanja chenyewe. Mnunuzi wa Rusizi anayejua kazi yake haanzi kwa kutazama vyumba. Anaomba namba hiyo kwanza. Kwa namba hiyo huonekana jina la mwenye haki, ukubwa wa kiwanja, matumizi yaliyopangwa, na kama kuna rehani ya benki au kizuizi. Dalali, ambaye Kamembe huitwa komisiyoneri, anayesita kutoa namba ameshasema alichokuwa anakificha. Muuzaji na mnunuzi husaini mbele ya noteri wa ardhi, awe wa sekta au wa binafsi, maombi yanaingia kwenye mfumo, na msajili anabadilisha jina. Tangu mwaka 2023 hati hutolewa kwa njia ya kielektroniki. Karatasi ngumu iliyofichwa chini ya godoro, ambayo zamani iliweza kuibwa au kuwekwa rehani kwa mkopeshaji wa mtaani, imepoteza nguvu zake. Hume angetabasamu: ishara ya kushikwa mkononi imeondolewa kabisa, na watu wengi bado huomba wachapishiwe.

Katika chumba cha noteri ndipo kinga inapofanya kazi kwa namna inayoonekana, na mara nyingi inamlinda asiyekuwa mnunuzi. Hati nyingi za familia zina majina mawili, la mume na la mke, kila mmoja na sehemu yake kwa asilimia. Mume akija peke yake na maelezo kwamba mama yuko shambani, au anaumwa, noteri mwaminifu hukunja makabrasha na kuwaambia warudi wakiwa wawili. Mnunuzi aliyekwisha kutoa malipo ya awali huliona jambo hilo kama urasimu. Kwa kweli ndiyo kinga yake bora, kwa sababu mke aliyesaini leo hana la kudai kesho. Hali ni hiyohiyo kwa mabinti. Sheria ya urithi ya mwaka 1999 iliwapa wasichana haki sawa na kaka zao, na nyumba ya marehemu inayouzwa kwa saini za wana wa kiume peke yao ni kesi inayosubiri tarehe.

Wapo ambao noteri hawaoni. Katiba ya Rwanda inatambua ndoa ya serikali ya mume mmoja na mke mmoja pekee. Katika miji ya mpakani kama Kamembe na Bugarama, ambako Kiswahili na Uislamu vina mizizi ya muda mrefu, kuna nikahi zilizofungwa kwa sheikh bila kupitia ofisi ya sekta, na kuna wanandoa wa Kikristo waliohamia pamoja wakingoja fedha za harusi ambazo hazikupatikana. Mwanamke wa nyumba kama hizo huenda alichangia kila mfuko wa saruji. Kama jina lake halikuandikwa siku ya usajili, au mume hakuridhia aandikwe baadaye, mauziano yanapita juu ya kichwa chake kihalali. Mnunuzi ana hati safi. Je, ana dhamiri safi? Fikihi inamtaka muumini asinunue kile anachojua kina haki ya mwingine ndani yake, hata kama kadhi hana ushahidi wa kumzuia. Maadili ya Kikristo yana msimamo wa karibu na huo. Mfumo wa rejista, kinyume chake, unamtia moyo asiulize, kwa kuwa nia njema ya kisheria hupimwa kwa yale daftari linayoonyesha, na anayeuliza zaidi huenda akapata jibu la kumharibia nia njema hiyo. Huu ndio upungufu mkubwa wa kimaadili wa hati za kisasa, na hakuna marekebisho ya kompyuta yanayouondoa: zinaugeuza ujinga kuwa kinga.

Kundi jingine lisiloonekana ni la waliokimbia. Rusizi, iliyokuwa sehemu ya Cyangugu ya zamani, ilishuhudia watu wakivuka kwenda Kongo mwaka 1959, tena 1973, tena kwa wingi usio na mfano mwaka 1994, na wengi wakarejea mwishoni mwa 1996. Nyumba zilibaki, zikakaliwa na wengine, zikauzwa, zikarithiwa. Mkataba wa amani wa Arusha kuhusu Rwanda ulilikabili swali hili katika itifaki ya Juni 1993: kwa ajili ya mapatano ya kitaifa, mkimbizi aliyeondoka zaidi ya miaka 10 iliyopita asidai mali ambayo imekwisha kukaliwa na wengine, na badala yake serikali imtafutie ardhi. Miaka 10 si namba takatifu. Ni uamuzi kwamba wakati fulani haki ya zamani inapaswa kukoma ili watu waweze kuishi pamoja, na waliopoteza walielezwa kwamba hasara yao ni mchango kwa amani. Hoja ya kumpinga Torrens na hoja ya kumtetea zote zimo humo. Aliyedhulumiwa hakutenda kosa. Aliyekaa ndani ya nyumba miaka 20, akazika wazazi wake nyuma ya jiko, naye hakutenda kosa.

Ng'ambo ya mto, Bukavu inaonyesha jinsi maandishi mazuri yasivyotosha. Sheria ya ardhi ya Kongo ya Julai 1973 inasema ardhi yote ni ya dola, na kwamba haki ya mtu binafsi inathibitishwa na cheti cha usajili peke yake. Cheti hicho kikipita miaka 2 hakishambuliki tena, na mwenye madai hubaki kudai fidia. Kwenye karatasi mnunuzi amelindwa kuliko mahali pengi. Lakini wakazi wengi wa miteremko ya jiji hilo hawajawahi kufika kwenye cheti. Wanauziana kwa fishi ya parseli, yaani karatasi ya kiwanja, na barua za machifu wa mitaa, na kiwanja kimoja huweza kuwa na karatasi tatu za watu watatu, kila moja na muhuri wake halisi. Familia zilizo na nyumba pande zote mbili za daraja husema tofauti si sheria. Tofauti ni kama aliye nyuma ya meza ya usajili anaweza kunyamazishwa kwa bahasha.

Rusizi nayo ina mauziano yanayokaa nje ya daftari. Ada ya uhamisho hailingani na ukubwa wa kiwanja, na kwa kipande cha shamba chenye thamani ndogo inaonekana kama faini. Sheria ya mwaka 2013 ilikataza pia kugawa ardhi ya kilimo chini ya hekta moja, katika nchi ambayo familia nyingi hazina hata hekta nzima. Watu wakaendelea kumegeana vipande kwa mkataba wa mkono na mashahidi. Migogoro ikizuka hupelekwa kwa abunzi, wapatanishi waliochaguliwa miongoni mwa wakazi, ambao husikiliza majirani wakieleza nani alionyesha mpaka wapi na nani alikunywa siku hiyo. Wanafanya kazi ya lango la mji la Efroni, na wanaifanya vizuri kiasi. Wanachoshindwa ni kumfunga mtu wa mbali ambaye hakuhudhuria, kwa mfano benki ya Kigali iliyomkopesha muuzaji kwa kutumia ardhi nzima kama rehani.

Hata hati kamili ina mambo isiyoyagusa. Nyumba za Cyangugu zinazotazama Ziwa Kivu hupendwa kwa mandhari, na hapo mnunuzi anapaswa kujua kwamba ukanda wa mita 50 kutoka ukingo wa ziwa ni mali ya umma kwa agizo la mwaka 2010. Bustani inayoshuka hadi majini huwa si ya muuzaji, kwa hiyo hawezi kuiuza. Hati inataja ardhi na haisemi kama ukuta umejengwa kwa nondo. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lenye ukubwa wa 5.9, lilibomoa majengo Rusizi na Bukavu siku ya Jumapili, na haki za viwanja zilibaki zilezile juu ya vifusi. Mpango wa mji nao unabadilika. Rusizi iliwekwa miongoni mwa miji sita ya kukua sambamba na Kigali, barabara zikapanuliwa, na sheria ya mwaka 2015 inaruhusu ardhi kutwaliwa kwa manufaa ya umma kwa fidia ya haki, inayopaswa kulipwa ndani ya siku 120 baada ya kuidhinishwa. Fidia hiyo hulipwa kwa anayethibitisha haki yake. Mwenye jina kwenye daftari huwasilisha namba yake na akaunti ya benki. Mwenye mkataba wa mkono hulazimika kwanza kumtafuta muuzaji wake wa zamani, ambaye daftari bado linamtambua, na ambaye sasa ana sababu nzuri ya kusahau kwamba aliwahi kuuza.